Rafu ya Katikati

Mwanangu Mwanahawa,

Baba kumwandikia barua mtoto aliye hatua ishirini kutoka alipokaa ni kichekesho, lakini ipokee hivyo hivyo. Nakuona kupitia dirisha la jikoni. Uko uani unaanika nguo za safari, umejifunga ile kanga ya mama yako yenye kona iliyoungua pasi. Ningeweza kukuita. Sauti yangu unaijua, nikiita jikoni anaitika mtu wa barabarani. Ila kuna jambo limenishinda kulitamka kwa miaka tisa, ndiyo maana nimechukua daftari lako la zamani la jiografia na kuchana kurasa za nyuma ulizoziacha tupu. Nisamehe kwa hilo kwanza, maana ndilo kosa dogo kuliko yote nitakayokutajia.

Mambo ya kufunga begi, ya simu, ya kuchagua marafiki, ya kutokula vya barabarani, shangazi yako Asia ameshakuhubiria tangu juzi mpaka naona masikio yako yamechoka. Mimi sina cha kuongeza hapo. Mwenyewe nimekula vya barabarani maisha yangu yote.

Nina moja tu. Ulipokuwa na miaka kumi, siku tulipoanua matanga ya mama yako, ulinijia hapa hapa jikoni ukaniuliza swali. Sikukujibu. Nilikupa maneno mengine, mazuri, ya kidini, na mimi nikajifanya nimejibu. Kesho unakwenda Dar kusoma ufundi wa mafriji. Watu hapa Mtawanya wanashangaa, mtoto wa kike ameacha ualimu na unesi anakwenda kushika spana. Mimi sishangai. Najua kilichokupeleka. Najua pia kwamba siku moja mwalimu wako atasimama mbele ya darasa aeleze kitu kipi hukaa wapi ndani ya friji na kwa nini, na wewe utaacha kuandika. Sitaki ulisikie kwake kabla ya kulisikia kwangu.

Wewe umenizoea nimeshapoa, huwezi kujua nilivyokuwa na majivuno. Waliniita Mzee Barafu nikiwa sina hata mvi. Nilikuwa nabeba madeli ya barafu hadi Nyamisati, napanda boti hadi Kiongoroni, nanunua kamba na samaki kwa wavuvi, nawapanga ndani ya barafu na kurudi nao juu. Wenzangu walirudi na samaki wenye macho mekundu. Wangu walifika wanang'aa. Siri yangu ilikuwa moja, sikuwa bahili wa barafu. Tabaka la samaki, tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu, na juu nafunika kwa gunia. Nilikuwa na usemi wangu, nikiulizwa nasema, "Baridi haizidi." Watu walicheka, wakaurudia, nami nikauamini kama aya.

Mama yako alishikwa na kisukari ukiwa na miaka sita. Kile cha sindano, si cha vidonge. Hapa nyumbani umeme ulikuwa bado. Nesi aliyemfundisha kujichoma sindano alimfundisha pia kuhifadhi dawa bila umeme. Akamwambia atafute vyungu viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati ajaze mchanga, na mchanga uloweshwe maji asubuhi na jioni. Vichupa vya insulini vikae ndani ya chungu kidogo, vifunikwe kwa kitambaa kibichi, na vyungu vyenyewe vikae kivulini panapopita upepo. Mama yako aliviweka pale pembeni ya mtungi wa maji. Kila asubuhi ulikuwa unamsaidia kumwagia mchanga maji kwa kikombe. Sijui kama unakumbuka. Wewe uliviita nyumba ya dawa.

Miaka miwili na zaidi dawa ilikaa kwenye mchanga ule, na mama yako alikuwa mzima. Alilima, alisuka ukili, aligombana nami kwa nguvu zote. Ndipo umeme ukafika, nami nikaleta friji.

Unalijua, ndilo hili hapa nyuma yangu linaloguruma. Nililipata kwa mtu Kibiti aliyekuwa anahama, jeupe lililoanza kugeuka njano, mlango mdogo juu wa kugandishia na mlango mkubwa chini. Lilikuja kwenye pikapu limefungwa kamba, na mimi nimesimama pembeni yake nimelikumbatia lisianguke, napungia watu mkono. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, "Hata siku ya harusi hukunikumbatia hivyo, Baba Hawa."

Nesi alipoambiwa tuna friji alifurahi, akampa maagizo mapya. Dawa ikae mlango wa chini, rafu ya katikati. Isisukumwe ikagusa ukuta wa nyuma. Isipande juu kwenye barafu hata kwa dakika. Mama yako akachukua kile kibakuli cha bati chenye maua mekundu, akaviweka vichupa humo, na kibakuli akakiweka rafu ya katikati, mbele kidogo. Wewe na mimi tulikatazwa kukigusa. Vyungu vikatoka nje, nami nikapandia mchicha kwenye kile kikubwa. Niliona tumestaarabika.

Sasa sikiliza vizuri mwanangu, maana sehemu hii hukuwahi kuambiwa na mtu, na mpaka asubuhi ya leo aliyeijua yote ni mimi peke yangu.

Mwaka ule mvua za masika zilipiga mpaka nguzo zikalala. Umeme ukawa unakuja kwa saa mbili, unaondoka siku nzima. Mimi nilikuwa na safari ya Kiongoroni. Asubuhi ya kuondoka umeme ulikuwepo, na kule juu nilikuwa nimegandisha mabonge ya barafu, magumu kama mawe, yamejaza. Nikaangalia kibakuli cha mama yako pale katikati, nikaingiwa na wasiwasi. Nikajisemea umeme ukikatika, huku chini patapata joto kwanza, lakini juu kwenye mabonge patakaa na baridi hata siku tatu. Nikakitoa. Nikavitia vichupa vyote vitatu katikati ya mabonge ya barafu, tabaka chini, tabaka juu, kama ninavyowapanga kamba. Nikafunga mlango nimeridhika na nafsi yangu.

Mama yako akaniona. Akasema, "Baba Hawa, nesi kasema isiguse barafu."

Nikamjibu, "Nesi kauza samaki lini?"

Akacheka. Mimi nilikuwa fundi wa kumchekesha, hilo silikatai. Alisema, "Haya, Mzee Barafu, wewe ndiye mwenye baridi yako." Akanifungia sambusa kwenye karatasi. Nikaondoka.

Sikufanya hivyo kwa kupuuza, Hawa. Nataka ulijue hili ingawa halipunguzi kitu. Nilifanya kwa kumpenda, na kwa kujua. Mtu asiyejua chochote kuhusu baridi angefuata maneno ya nesi, na mama yako angekuwa hai. Mimi nilijua nusu, na ile nusu niliijua sana.

Kesho yake alinipigia simu. Kule Kiongoroni mtandao ulikuwa unashika upande mmoja tu, karibu na pale wanapopakia miti ya mikoko, nami nilikuwa nimesimama hapo na matope magotini. Akaniambia, "Dawa yako imekuwa jiwe. Nifanyeje?"

Nikamwambia, "Ishike kwapani itayeyuka."

"Nimeshaiyeyusha. Ina chenga chenga ndani, kama maziwa yaliyokatika. Hata nikiibiringisha haziishi."

Nikamwambia hivi, na kila neno nalikumbuka: "Samaki akiyeyuka anageuka mwingine? Si ni yule yule? Choma sindano, mama."

Akachoma.

Mlango ulikuwa wazi mara mbili kwa mimi kusema sijui. Asubuhi ile ningeweza kusema, muulize nesi. Kwenye simu ningeweza kusema, usiichome, nenda hospitali wakupe nyingine. Neno lenyewe, sijui, halina uzito wowote mdomoni, na wewe unakwenda kwenye kazi ambayo utalihitaji kila siku. Nimewaona mafundi wengi wanaoogopa kulisema. Mimi ni mwenzao.

Alijichoma siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kutoka kile kichupa na kingine. Alikuwa anajichoma maji. Akaanza kiu, unakumbuka kiu ile? Wewe ndiye uliyekuwa unamchotea. Kata baada ya kata, na bado midomo imekauka. Shangazi yako alidhani ni homa ya mvua.

Usiku wa siku ya tatu ndio ule wako. Umeme umekatika, joto, wewe ulikuwa na barafu zako za ukwaju mle juu kwenye vifuko. Ukafungua kuchukua kifuko kimoja, ukarudisha mlango, mlango haukushika. Asubuhi shangazi yako akakuta maji sakafuni, milango yote miwili imeachama kidogo, na barafu imelegea. Akapiga kelele mtaa mzima ukasikia.

Nataka nikwambie kuhusu mlango ule. Raba yake ya pembeni ilikuwa imekufa miezi mitatu kabla. Ukifunga mlango wa juu kwa nguvu, upepo unausukuma wa chini, na usipoegemeza bega unafunguka wenyewe. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa naufunga kwa kipande cha mpira wa tairi. Siku ya safari niliufungua huo mpira nikaenda nao, kufungia deli. Kwa hiyo hata lile ulilotenda wewe, ule usahaulifu wa mtoto mwenye kiu, chanzo chake kilikuwa kwenye deli langu Kiongoroni.

Nilirudi siku ya tano. Nilimkuta anapumua kwa kasi, pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva mno. Tulimpakia kwenye gari la mtu, wewe ukabaki mlangoni. Walimpokea hospitali, walihangaika naye wale watu, Mungu awalipe. Alfajiri akatutoka.

Asubuhi hiyo nesi yule yule aliyemfundisha alinikuta nimekaa kwenye benchi. Nilikuwa na kibakuli cha bati mapajani, sijui hata kwa nini nilikibeba. Akachukua kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza polepole. Akaniuliza, "Hii iliganda?"

Nikasema, "Iliganda kidogo."

Akasema, "Baba, insulini haigandi kidogo. Ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka imekufa." Hakunikaripia. Angenikaripia ningepata pa kushika. Nikamwuliza, nikitafuta pa kutokea, je, mlango wa friji ukiachwa wazi usiku mmoja? Akatikisa kichwa. Akasema kichupa hiki kingekaa hata kabatini wiki kadhaa, seuze kwenye chungu cha mchanga. Joto la usiku mmoja lisingekifanya kitu.

Umeona, Hawa? Nilijua siku ile ile. Kabla hatujafika na maiti nyumbani nilikuwa nimeshaambiwa na mtu mwenye elimu yake kwamba wewe huhusiki hata chembe.

Msibani shangazi yako akaliongea. Hakuwa na ubaya, alikuwa anatafuta sababu kama wafiwa wote. Wanawake wanasugua masufuria, naye anasema, "Mtoto kaacha friji wazi usiku kucha, dawa ikapata joto." Nikamsikia. Nilikuwa nimekaa na wanaume upande wa pili wa ukuta wa makuti, nikasikia kila neno, nikaendelea kuhesabu tasbihi.

Siku ya kuanua matanga, watu wameondoka, ukanijia hapa jikoni. Ulikuwa umeshika kile kikombe cha kumwagia mchanga maji, sijui ulikitoa wapi. Ukaniuliza, "Baba, ni mimi?"

Nikakuwekea mkono kichwani nikasema, "Kazi ya Mungu haina makosa, mwanangu."

Maneno ya kweli kabisa. Hakuna shehe atakayeyapinga. Nimeyasema kwenye misiba mingi, nimeambiwa na wengi, na yananifariji hata leo. Lakini siku ile niliyatumia kama mtu anavyotumia mkeka kufunika uchafu. Ulikuwa umeuliza swali la neno moja, na neno moja lilikuwa linatosha. Ukaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyehukumiwa, ukatoka na kikombe chako.

Tangu siku hiyo sijakuona ukifungua friji hili. Ulidhani sioni. Ukitumwa maji ya baridi unamtuma mtoto wa jirani, au unaniletea ya mtungini na kusema ya friji yanaumiza meno. Ramadhani shangazi akileta juisi kuweka, unamwachia mwenyewe aweke. Ukila barafu ya ukwaju sijakuona tena. Mara ngapi nimekuwa nimekaa hapa, wewe umesimama pale na bakuli la mchuzi uliobaki mkononi, unalitazama friji, kisha unakwenda kuupasha au kuumwaga kwa kuku? Nami nasema, mtoto huyu ana adabu, hapotezi umeme. Nimesema hivyo mbele ya watu. Nimekusifia kwa jeraha nililokupa mwenyewe.

Ulipokuwa na miaka kumi na tatu friji lilizima. Nikamwita fundi kutoka Kibiti, yule kijana mrefu mwenye kofia ya sufu hata jua kali. Ulisimama mlangoni, huingii, huondoki. Naye alikuwa msemaji, alipoona unatazama akaanza kukufundisha. Nadhani chuo chako kilianzia hapo.

Alikwambia friji halitengenezi baridi. Nakumbuka nilivyokasirika moyoni, mimi Mzee Barafu nisikie hayo. Akasema baridi haipo, kilichopo ni joto, na friji kazi yake ni kulibeba joto kutoka ndani kulitupa nje. Akakuonyesha kompresa, ile pampu nyeusi ya duara chini nyuma inayoguruma. Inaikandamiza gesi mpaka inapata moto. Gesi inapita kwenye mabomba meusi ya nyuma, inatoa moto wake pale, inapoa na kuwa maji. Kisha inapenyezwa kwenye kijibomba chembamba kama bua la ukindu, ikitoka upande wa pili inapata nafasi, inachemka na kugeuka mvuke tena, na ili ichemke lazima inyonye joto. Inalinyonya kwenye mchuzi wako, kwenye maji yako, halafu inarudi kwa kompresa na safari inaanza upya. Ndiyo maana juu kwenye kugandishia, panapofika ile gesi kwanza, pana baridi kali, na chini panapata baridi iliyopungua. Akakwambia ugeuze mkono uguse nyuma ya friji. Ukagusa. Ukasema, "Kumbe nyuma kuna moto."

Akasema, "Hilo ndilo joto la ndani. Halijafa, limehamishwa tu."

Halafu akauona mtungi wetu pale pembeni unatoka jasho, akacheka, akasema, "Huyu na friji ni ndugu wa baba mmoja." Maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Akauliza kama mtu akikupaka spiriti kabla ya sindano husikii baridi. Ndiyo hiyo hiyo, alisema. Wewe ukanitazama. Wote wawili tulikuwa tunamkumbuka mama yako amekaa kwenye kigoda, anajipaka spiriti pajani, anapuliza. Ilikuwa nafasi nyingine hiyo, mwanangu. Nikatoka nje kwenda kutafuta chenji ya fundi.

Toka siku ile nikilala nawaza maneno yake. Mimi nilikuwa na moto ndani, nikatafuta pa kuutupia, nikautupia kwako. Mimi nikapata baridi, nikawa baba mtulivu anayesifiwa msikitini. Wewe uliye nyuma ukaungua.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Nimejiuliza na mimi. Mwanzo niliwaogopa ndugu wa mama yako. Baadaye nilikuogopa wewe. Ulikuwa umebaki peke yako unayeniita kwa upendo, nikaona nikikwambia nitakukosa na wewe. Nikajidanganya kwamba umeshasahau, watoto husahau. Kila mwaka nilisema akikua nitamwambia, na kila mwaka ulikua. Hata fomu ya chuo ulipoileta nisaini, niliona umeandika kwa mkono wako, ufundi wa majokofu. Nilisaini nikakupa hongera.

Ushauri nilionao ni haba, na wote nimeulipia. Ukiwa fundi, ukikuta mtu ameharibu kitu, atakudanganya kwanza. Mwache amalize, usimcheke, na usimwache aondoke akiwa hajui alichoharibu. Kwenye kila nyumba utakayoingia, uliza kama kuna mgonjwa mwenye dawa ndani ya friji, umwonyeshe rafu ya kuiweka. Hata kama hawajakuita kwa hilo. Na mtu mdogo akikuuliza swali la ndiyo au hapana, mjibu kwanza. Dini, busara, mithali na vikohozi vije baadaye.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga kwa majirani, nilikwenda kwa shangazi yako Asia. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza yote niliyokueleza hapa, nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Aliacha ungo. Akaniambia, "Miaka tisa, Saidi? Miaka tisa mie namtazama mtoto kwa jicho la pembeni, na weye unaniangalia tu?"

Nikasema, "Miaka tisa, dada."

"Na yeye kashajua?"

"Bado."

Akasema, "Basi ondoka mbele yangu. Usinilie mie hapa, nenda ukalie kwake." Akajifunika uso kwa upande wa kanga. Nilipofika njiani nikasikia analia kwa sauti, kama siku ile ile tulipomleta mama yako kutoka hospitali. Anakuja jioni. Anasema ana maneno yake na wewe, na ya kwake ni ya kuomba, si ya kuhubiri.

Nilitaka kuificha barua hii kwenye begi lako, chini ya nguo, uikute ukishafika. Nikaona huo ni ujanja wa Mzee Barafu tena, kulificha jambo mahali pa baridi lisioze mpaka nipate nafasi ya kukimbia. Sasa hivi jua lingali juu. Nitaikunja, nitakuletea mwenyewe uani, nitakupa mkononi, halafu nitakwenda kukaa kwenye kigoda cha mama yako hapa jikoni. Soma taratibu. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wamezoea kelele za nyumba hii. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, nitakubebea begi mpaka stendi nikiwa nyuma yako, sitakusemesha. Na ukitaka kukaa na hasira miaka tisa, ni haki yako, mimi nilikuwa na miaka tisa yangu.

Ila kabla ya hayo yote, swali lako. Najua ulishaacha kulisubiri. Ulikuwa na miaka kumi, umesimama hapa nilipokaa, na kikombe mkononi, ukaniuliza, "Baba, ni mimi?"

Hapana, Hawa. Hapana, mwanangu. Si wewe.

Baba yako,
Saidi